Umetoka Makambako, unafanya kazi Kariakoo, unalala Chanika: anza na usafiri na chumba

Umeuliza mengi kwa mkupuo, mdogo wangu. Umetoka Makambako, umepata kazi ya duka Kariakoo, mamdogo amekupokea Chanika, na sasa unafika kazini umeshachoka, hela inakatika katikati ya mwezi, na unajiuliza kama jiji la Dar es Salaam limekushinda. Halijakushinda. Kinachokumaliza ni hizo kama kilomita 30 kati ya Chanika na Kariakoo, na foleni ya Barabara ya Nyerere ingemchosha hata aliyezaliwa Ilala. Kwa hiyo naanza na usafiri na chumba. Hayo yakikaa sawa, mengine utayamudu.

Usihame kesho. Kaa kwa mamdogo miezi mitatu minne uweke akiba, na katika muda huo panga safari zako. Asubuhi una bahati moja: unapandia mwanzo wa njia. Ukifika kituoni kabla ya saa 11 alfajiri unapata siti na unaweza kusinzia hadi mjini. Ukija saa 12 utasimama, na mkifika Gongo la Mboto ndiyo mnabanana kabisa. Jioni ndiyo ngumu. Kuanzia saa 11 hadi saa 1 usiku gari linaingia mjini siti zimeshakaliwa, kwa sababu watu wamelidaka vituo vya nyuma likiwa linakuja, wakalipa nauli ya ziada ili wageuze nalo. Siku ukiwa hoi geuza na wewe, ila usiifanye desturi, maana hiyo ni nauli ya tatu kwa siku moja. Ni afadhali ukae dukani upange mzigo wa kesho, upande saa 2 usiku watu wakipungua.

Kabla hujapanda muulize konda, "Linafika Chanika?" Maandishi ya ubavuni hayatoshi. Yapo magari yanayokatisha ruti: yanawashusha Gongo la Mboto, yanageuza, nanyi mnalipa upya kwenye gari jingine. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kufuatana na urefu wa njia, kwa hiyo ijue ya njia yako na usipandishiwe kwa sababu ya mvua au usiku. Tembea na hela ndogo. Noti ya 10,000 alfajiri ni ugomvi, na ukiambiwa "chenji baadaye" mkumbushe kabla hamjafika kituo chako, kabla mguu haujagusa chini.

Ukikaa dirishani kwenye foleni, simu iwe mfukoni. Inanyakuliwa kutoka nje gari likiwa limesimama, na hutamkimbiza mtu katikati ya magari. Ukitembea pembeni ya barabara, begi liwe upande wa ukutani, kwa sababu vishandu wanapita na bodaboda na kuvuta kamba ya begi huku wanaondoka. Kama limekuzunguka shingoni, wanakuburuza nalo. Ndani ya Kariakoo, Mtaa wa Kongo na vituo vya daladala, begi lije kifuani.

Sasa chumba. Kwa kazi ya Kariakoo tafuta mahali pa kutembea kwa miguu au kupanda gari moja fupi: Ilala, Keko, Buguruni, Magomeni, Temeke. Kodi ya huko iko juu kuliko Chanika, na wengi wanaishia hapo katika kulinganisha. Wewe jumlisha nauli za siku 26 za kazi, kwenda na kurudi, ongeza chakula cha usiku unachonunua njiani kwa kuwa umechelewa, ndipo ulinganishe. Mara nyingi pengo linakuwa dogo, na juu yake unarudishiwa saa nne za kila siku.

Hesabu ya kuingia inawashtua wageni, kwa hiyo ijue mapema. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo, wengine mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Tuchukulie chumba cha 60,000: miezi 6 ni 360,000, dalali 60,000, jumla 420,000 kabla hujanunua hata ndoo. Wapo wanaokubali miezi 3, hasa uswahilini ndani, na wengi wao hawapitii kwa dalali. Unawapata kwa kumuuliza Mangi wa dukani, mama ntilie na vijana wa bodaboda wa mtaa huo. Vitu usinunue vyote siku moja. Anza na godoro na neti, kisha feni, ndoo mbili, dumu la lita 20, halafu mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili.

Dalali atakuomba hela ya kukuzungusha. Mkubaliane kiasi kabla hamjaondoka. Kodi yenyewe usimkabidhi. Kuna utapeli wa chumba kimoja kulipiwa na watu watatu, na kuna mpangaji anayehama huku akikupangishia chumba kisicho chake. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani. Kisha lipa kwa mwenye nyumba mwenyewe, mkataba ukiwa umeandikwa, shahidi yupo, na ukituma kwa simu jina linalotokea lifanane na la kwenye mkataba.

Chumba kikague saa 9 alasiri, usiende jioni. Wewe umezoea baridi ya Makambako, na joto la hapa, hasa Desemba hadi Machi, halipoi hata usiku. Chumba cha bati bila silingi bodi kinahifadhi joto hadi saa 6 usiku. Tafuta chenye silingi na madirisha pande mbili ili upepo upite; dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani halikusaidii, na feni itakuwa inazungusha joto lile lile.

Fungua bomba, onja maji, kisha nawa kwa sabuni. Sabuni ikigoma kutoa povu na ulimi ukahisi chumvi, hicho ni kisima. Maji ya chumvi yanafaa kupigia deki na kumwaga chooni, lakini chai inaharibika na utakuwa unanunua maji ya kunywa na kupikia kwa madumu maisha yako yote pale. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, waulize wapangaji, wala usimuulize mwenye nyumba, yanatoka siku zipi, na kama kuna simtanki ya siku yasipotoka.

Zunguka nje utazame ukuta kuanzia chini hadi kiunoni. Mstari wa tope uliopauka, rangi iliyobabuka sehemu ya chini tu, au kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali mbili, ni dalili kwamba maji huwa yanaingia ndani. Chumba hicho ukikiona Julai kinapendeza na bei ni nzuri. Masika, Machi hadi Mei, unaamka godoro linaelea. Mabondeni mwa Mto Msimbazi, kama Kigogo, Jangwani na baadhi ya sehemu za Magomeni, angalia mara mbili. Na hata ukiwa Magomeni ya juu, mvua kubwa ikinyesha Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa na mwendokasi husimama, kwa hiyo jua njia ya kuzunguka.

Umeme: uliza kama mita ya LUKU ni yako au ya nyumba nzima. Kuna tarifa ndogo ya majumbani, D1, ambayo uniti inakuja kama shilingi 122 pamoja na kodi za serikali, lakini ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba sita vikishea mita moja vinavuka hapo haraka, mnaingia tarifa ya juu yake, T1, ya takriban shilingi 356 kwa uniti. Ndiyo maana nyumba za kushea zinapiga marufuku pasi na heta. Feni ya wati 60 ikiwaka saa 10 kwa siku inakula uniti 18 kwa mwezi, kwa hiyo ukigombezwa kwa ajili ya feni una hesabu ya kujitetea. Omba uone risiti ya mwisho ya LUKU: itakuonyesha kama kuna deni la zamani linalokatwa kila mkinunua. Kodi ya jengo nayo inakatwa humo, na ni mzigo wa mwenye nyumba, mkubaliane atairudishaje.

Choo angalia kinahudumia vyumba vingapi na mlango unafungwa. Basi.

Ukishahamia, nenda ujitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ndani ya wiki ya kwanza, na kitambulisho chako cha NIDA au namba yake. Barua yao utaihitaji benki, kwenye dhamana, hata ukipatwa na tatizo polisi. Mtu asiyefahamika mtaani anaanza kutafuta barua hiyo siku ambayo tayari ana shida, na hapo kila kitu kinachelewa.

Matapeli wa simu hawana jipya: "ile pesa tuma kwenye namba hii", au kazi nzuri inayodai hela ya fomu kwanza. Usijibu. Namba hiyo itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Chakula cha mchana kula kwa mama ntilie mmoja yule yule. Akikuzoea anakuongezea maharage na siku umekwama anakukopesha. Usiku pika mwenyewe; chipsi mayai za kila siku ndizo zinazomaliza mishahara ya vijana wengi.

Umesema watu hawasalimiani na unajiona mpweke. Wa barabarani hawatakusalimia kweli, wana haraka. Wa nyumbani unamopanga wasalimie wewe, kila asubuhi, na wakubwa wape shikamoo. Kukitokea msiba mtaani, nenda, hata kama marehemu humjui. Toa 2,000 iandikwe kwenye daftari, kaa kidogo na wanaume au wanawake wenzio, saidia kubeba viti. Baada ya hapo utaona watu wanakuita jina. Tafuta pia umoja wa watu wa Njombe walioko Dar, na jumuiya ya kanisani au msikitini kwako.

Kuhusu mamdogo: mwambie mwezi mmoja kabla kwamba unatafuta chumba, ana kwa ana, asisikie kwa watu. Ukiwa bado kwake, changia kinachoonekana mezani, kilo 5 za unga, mafuta, LUKU ya 5,000, hata kama anakataa. Ukishahama, nenda Jumapili moja kila mwezi ukamwone. Siku hiyo gari za Chanika unapata siti hata mchana.