Kwa nini "she go" ni kosa, na "did went" pia

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu anakukata alama kwa "She go to the market" na "I did went", ilhali maana inaeleweka. Shida ni kwamba sisi nafsi tunaibandika mbele ya kitenzi: ninaenda, unaenda, anaenda. Mwingereza anaitaja nafsi pembeni, kisha kwa he, she na it tu, akisema mambo ya kila siku, anaongeza s mkiani: I go, they go, lakini she goes.

Hiyo s huwa moja tu, na huhama. Ukileta does, imeshahamia huko: "Does she go?", si "Does she goes?" Did nayo imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinabaki kitupu: "I did not go". Mimi niliandika "didn't came" mpaka kidato cha tatu, tena kwa kujiamini kabisa!

Wakati uliopita ni mwepesi, went kwa nafsi zote. Mkorofi ni be: I was, she was, lakini you were, they were. Hiyo kariri tu.

Chunga pia -me- yetu. "Amefika jana" kwetu inapita, ila "She has arrived yesterday" haipiti. Ukitaja jana, andika "She arrived yesterday".

Leo jioni andika sentensi tano za ulichofanya mchana, kisha zikanushe zote kwa did not.