Hita ya gesi ndani ya kempa: dirisha halikuokoi

Swali: Habari za kazi fundi. Mimi na mke wangu tunajiandaa na safari ya miezi miwili kwa pikapu yetu, nyuma tumefunga kempa ndogo yenye kitanda, jiko la gesi la plate mbili na tanki la maji la lita 40. Betri ni ya asidi, volti 12 ampea 100. Bafu hamna. Tutapita sehemu zenye baridi kali na maji ya baridi mke wangu hayawezi. Kuna jamaa katushauri tununue ile hita ndogo ya gesi ya kubebeka, inayokuja na shawa yake, tuifunge ndani pembeni ya mlango tuwe tunaoga tumesimama kwenye beseni kubwa. Anasema tukifungua dirisha hamna shida, na tukisikia harufu tunazima. Hii imekaaje? Na lita 40 zitatutosha?

Jibu: Ndugu, lita 40 zinawatosha na mtaoga maji ya moto vizuri tu, hayo ntayafikia. Ila hiyo hita usiifunge ndani. Usiifunge pembeni ya mlango, usiifunge chini ya dirisha, usiseme hata "siku za mvua tu". Swali hili naletewa mara kwa mara kwa maneno yaleyale, mpaka hilo la harufu, na kila nikilisoma nakasirika, sio na wewe uliyeuliza kabla ya kununua, nakasirika na hawa wanaojiita wataalam wanaojirekodi wanaoga ndani ya boksi la mbao huku moto unawaka karibu na uso wao, halafu watu wanaona wanaiga.

Nianze na harufu manake ndo imewashika wengi. Gesi ya mtungi kiasili hainuki, ile harufu mbaya unayoijua wanaitia makusudi ili ikivuja ujue. Sasa gesi ikishaingia kwenye hita ikawaka, na ile harufu inaungua humohumo. Moshi unaotoka juu ya hita unaweza usinuke kabisa na hata kwa macho usiuone, na moto ukikosa hewa ya kutosha huo moshi unakuwa na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoholeshi. Ukiivuta inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inang'ang'ania hapo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka, moyo unadunda, ila ubongo haupati kitu. Ukisubiri harufu ndo uzime, utasubiri mpaka miguu iishiwe nguvu.

Haya, dirisha. Pima kempa yako kwa ndani, ukitoa kitanda na makabati hewa iliyobaki ni kama mita 5 za ujazo, labda 6. Hita ya aina hiyo, ile ya lita 5 au 6 kwa dakika, ina nguvu ya karibu kilowati 10, wakati plate moja ya jiko lako ni kama kilowati 2. Kwa kilowati 10 inakula kama gramu 800 za gesi kwa saa, na kila kilo moja ya gesi inahitaji kama mita 12 za ujazo wa hewa ili iungue vizuri. Piga hesabu ya dakika kumi za kuoga: imeshatumia zaidi ya mita moja na nusu ya ujazo ndani ya boksi la mita 5. Na moto hausubiri hewa iishe yote ndo uanze kuharibika, oksijeni ikishuka kidogo tu kutoka ile asilimia 21 ya kawaida unaanza kuungua vibaya, hiyo ni dakika chache, we bado una sabuni kichwani. Zaidi ya hapo ule moshi wenyewe unarudi kwenye moto unavutwa tena, unazidi kuharibika kwa kasi.

Utaniambia dirisha liko wazi hewa inaingia. Dirisha sio bomba la moshi. Hewa inaingia pale upepo unapotaka, na upepo ukigonga upande ule wa dirisha unaurudisha moshi ndani badala ya kuutoa. Halafu tuseme ukweli, sehemu yenye baridi kali, mtu kavua nguo, kalowa, anatetemeka, hilo dirisha litabaki wazi kweli? Litarudishwa mpaka libaki upenyo wa vidole viwili. Hapo ndo huwa inaanzia.

Niliwahi kuletewa kempa nitengeneze pampu ya maji tu, nikafungua kabati nikakuta hita imefungwa ndani kwa skrubu nne safi kabisa, fundi aliyeifunga kaifunga kama anafunga kabati la viatu, hamna tundu la moshi hata la kidole. Nikamuuliza mwenye gari, mkishaoga mnajisikiaje? Akasema mkewe kila akioga kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu, wakadhani ni uchovu wa barabara. Wameoga hivyo wiki tatu. Niliing'oa mbele yake na sikumlipisha.

Kuna wale wa "moto ukiwa wa bluu uko salama". Moto wa njano na masizi ni dalili mbaya, hiyo ni kweli, ila moto wa bluu sio cheti. Unaweza ukauona wa bluu na bado chumba kinajaa. Halafu kuna waliouziwa alamu ya gesi wakadhani wamemaliza kazi. Soma kwenye boksi imeandikwa nini: ile ya kugundua gesi inayovuja inafungwa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na hiyo haijui chochote kuhusu kaboni monoksaidi. Alamu ya kaboni monoksaidi ni chombo kingine kabisa, kinafungwa usawa wa pale mnapolala na kupumulia, na kwa magari ya kulala tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, iliyopimwa kwa magari na boti, kwa sababu alamu ya nyumbani haijapimwa kwa mtikisiko. Angalia na tarehe ya mwisho wake, zinazeeka. Nunueni hata kama hamtakuwa na hita kabisa, mna jiko humo ndani. Ila usinielewe vibaya, alamu haikupi ruhusa ya kuwasha hita ndani.

Kuna hita zinazofungwa ndani ya gari kihalali. Ni zile ambazo chumba chake cha moto kimezibwa kabisa, zinavuta hewa kutoka nje ya ukuta na kutoa moshi nje ya ukuta, hewa mnayopumua haikutani na moto hata kidogo. Zinatengenezwa kwa ajili ya magari, zinafungwa na mtu mwenye ujuzi wa gesi, na zinakula nafasi, kwa kempa ndogo kama yenu na safari ya miezi miwili sioni sababu. Hiyo ya kubebeka aliyowaambia jamaa sio hiyo. Hizo karibu zote zimeandikwa ubavuni zitumike nje tu, na aliyeandika alikuwa anajua alichotengeneza.

Kama mmeshaipenda basi itumieni nje, kweli nje, ining'inie kwenye mti au nguzo mita kadhaa kutoka kwenye gari, mkizungusha pazia la kuogea kwenye mlango wa nyuma hita isiwe ndani ya pazia. Na kitu ambacho watu hawakifikirii: kama kempa ina feni ya paa inayotoa hewa, izime. Feni ikitoa hewa juu, kempa inavuta hewa nyingine kupitia kila tundu ililonalo, na kama hita iko nje chini ya dirisha basi inavuta moshi wake moja kwa moja mpaka kitandani.

Sasa kuoga kwenyewe. Chemsha lita 2, changanya na lita 6 za maji ya nyuzi 20, umepata lita 8 za karibu nyuzi 40, na hayo ndo maji ya kuoga, hamna haja ya hita yoyote. Maji yenu yakiwa ya baridi sana kama nyuzi 10 chemsha lita 2 na nusu au zaidi kidogo. Kila mtu lita 8 zinamtosha akilowa, akafunga maji, akajipaka sabuni, akajisuuza, shawa ya nyumbani inamwaga hizo kwa dakika moja tu. Wawili mnatumia 16, tanki la 40 linabaki na maji ya kunywa na kupikia, na siku nyingine mnajifuta kwa taulo la maji ya moto kwapani, miguuni na sehemu za siri mnalala safi kabisa na lita 2. Maji mchemshie nje ya kempa, ikishindikana kwa mvua basi mlango na tundu la paa vyote wazi, plate moja, ukimaliza unazima papo hapo, jiko sio la kupashia chumba joto.

Cha kuogea, mi nawashauri watu ile pampu ya mkono ya kunyunyizia bustani, ya lita 5 au 8, unajaza upepo kwa mkono inatoa maji kwa presha nzuri na unayazima kwa kidole. Iwe mpya. Isiwe iliyowahi kukaa na dawa ya wadudu, hata ukiiosha mara kumi, plastiki na mipira vinabaki na sumu. Anza kutia maji ya baridi ndo uongeze ya moto, usijaze maji yanayochemka kwenye plastiki halafu ukaipiga presha. Ndoo na kopo navyo vinafanya kazi ileile, msione aibu.

Mfuko mweusi wa jua nao ni mzuri mkifika kambini mapema, ila wa lita 20 ni kilo 20, tafuta pa kuutundika palipo imara. Yale mabomba meusi ya juu ya paa watu wanayapenda sana, mi nayaogopa kwa mambo mawili. Jua kali likiyapiga siku nzima maji yanaweza kuunguza ngozi, nyuzi 60 zinaunguza kwa sekunde chache, pima kwa mkono kabla hujajimwagia. La pili, maji yakikaa humo siku kadhaa kwenye uvuguvugu wa kati ya nyuzi 20 na 45 yanaotesha lejionela, bakteria wanaoshambulia mapafu, na hao wanaingia kwa kuvuta vile vitone vidogo vya shawa vinavyoelea hewani sio kwa kunywa. Yamwage, usiyatunze.

Umeme usahau. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ukitaka idumu unatumia nusu. Kupasha lita 8 kutoka nyuzi 20 mpaka 40 ni karibu wati-saa 190 kabla hujahesabu kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na birika la wati 1,000 linavuta zaidi ya ampea 80, waya mwembamba utaukuta umeyeyuka.

Maji machafu yamwageni mbali na mto au ziwa, angalau mita 60, hata kama sabuni imeandikwa inaoza yenyewe, inaozea kwenye udongo sio kwenye maji.

Nirudi kwenye lile la kwanza manake hita ni moja tu ya njia za kuvuta kaboni monoksaidi. Watu wakinyang'anywa hita wanaingiza jiko la mkaa ndani ya kempa au hema "lipashe joto kidogo kabla ya kulala", na mkaa ndo mbaya zaidi, hata ule ulioshika wekundu mzuri usio na moshi, hata ule unaokaribia kuwa majivu. Wengine wanalala nyuma huku injini inanguruma ili hita ya gari ifanye kazi, ekzosti iko chini ya kitanda chao. Wengine wanawasha jenereta pembeni ya mlango kwa sababu mvua inanyesha. Yote ni kitu kimoja, moto unakula hewa ileile unayopumua. Ukisikia baridi ongeza blanketi, weka chupa ya maji ya moto miguuni.

Na mkiwa safarini, kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na hasa kama wote wawili mnajisikia hivyo kwa wakati mmoja, tokeni nje. Usianze kutafuta tatizo liko wapi, usimwache mwenzio "amalizie kulala kidogo", mtoe. Mkishatoka kwenye hewa safi nendeni hospitali na mwambieni daktari waziwazi kwamba kulikuwa na moto ndani ya chumba kidogo, mseme wenyewe hata asipouliza, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kitaonyesha 98 wakati mtu anakufa. Wakitaka kuwaruhusu kwa kuangalia kidole tu, ombeni kipimo cha damu.