Tawi linalokwaruza hema kambini Arabuko-Sokoke

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuchukua panga ukaliondoa tawi linalokwaruza hema lako kambini. Hapana. Arabuko-Sokoke, kule pwani ya Kenya, ni msitu wa serikali, na sheria ya misitu ya 2016 inakataza kukata mti humo bila kibali, hata kama umelipia kiingilio.

Sogeza hema hatua mbili, mara nyingi yatosha. La sivyo livute tawi pembeni kwa kamba, na uzungushe kipande cha gunia pale kamba inaposhika, isichubue gome. Ukiondoka, fungua, kamba iliyosahaulika hulikaba tawi kadiri linavyonenepa.

Tawi limevunjika na linaning'inia juu yako? Hama kwanza, kisha mwite askari wa msitu. Kazi hii ni ya msumeno: mkato wa kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene, wa pili kutoka juu, mbali kidogo zaidi na shina, halafu kigutu kinaondolewa nje tu ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Panga huchana gome mpaka shinani, na hapo ndipo ukungu na wadudu huingilia. Kupaka rangi kidonda hakusaidii.

Na mnyaa usiuguse kabisa. Utomvu wake ukiingia machoni, utajuta.