Wengi Huanza Semina ya Ndoa, Wachache Humaliza

SWALI: Mimi ni mratibu wa semina ya wanandoa katika parokia yetu hapa Morogoro. Tulipoanza mafunzo ya wiki kumi zilijiandikisha jozi 18, na kufikia wiki ya tano zilikuwa zimebaki 7. Walioacha hawana ugomvi nasi. Tukikutana sokoni wanatusalimia vizuri tu. Ni nini huwavuta watu wajiunge, na ni nini huwafanya wabaki?
Mratibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mratibu, umefanya vyema kuyatenganisha maswali hayo, kwa maana sababu ya kuja ni nadra kuwa ndiyo sababu ya kubaki. Wachumba huja kwa kuwa padre hatawafungisha ndoa kabla ya mafundisho. Walio katika ndoa huja baada ya kugundua, pengine mtoto wa kwanza alipozaliwa, kwamba mazungumzo yao yamebaki ya maziwa na kodi ya nyumba. Na hapo, mara nyingi, ni mke anayeandika majina yote mawili. Mume aliyeandikishwa hivyo huingia kama aliyeitwa mbele ya baraza la usuluhishi, lile ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wenye mgogoro walipitie kabla ya kudai talaka mahakamani. Utamwona ameketi karibu na mlango, ufunguo wa pikipiki mkononi. Mfano wa kwanza wa mwezeshaji ukiwa wa mume mlevi, wiki ijayo hamtamwona.

Kubaki kunategemea mambo madogo kuliko tunavyopenda kukiri. Huko Marekani, mradi mmoja wa serikali wa miaka ya 2000 uliwaalika kwenye mafunzo ya mahusiano wazazi wasiooana, waliokuwa wakitarajia mtoto au wamejaliwa karibuni, katika maeneo 8. Wengi wa walioandikishwa hawakukaribia kumaliza. Oklahoma ndiyo iliyofanikiwa zaidi kuwabakisha watu, na huko mtaala ulipangwa kwa saa 30 badala ya saa 42 za kwingineko, tena wahudhuriaji walipewa motisha ya fedha. Sisemi parokia igawe fedha, ila ninauliza: semina yenu huisha saa ngapi, daladala ya mwisho hupita saa ngapi, na watoto huachwa na nani?

Makungwi wetu hawakuwahi kuita mahudhurio, naam, lakini somo, yule kungwi aliyemfunda mwali, alikuwa mtu wake maisha yote, si wa wiki kumi. Ninyi mna orodha tu. Jozi ikikosa kikao kimoja, ipigieni simu kabla ya kikao kinachofuata, mume kwa simu yake na mke kwa yake, na mumpigie mume kupitia mwanamume mwenzake aliyebaki darasani. Kwa zile jozi 11, anzeni kwa kuwauliza wangependa kikao kiwe siku gani, bila kuwauliza kwa nini waliacha.