Jogoo na Joto la Januari: Kwa Nini Mayai Hayatoi Vifaranga

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa Ulaya: jogoo hupungukiwa na mbegu siku zinapofupika, basi mwongezee taa. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Pesa ya taa inunulie kivuli. Kinachomsumbua jogoo wa Kisumu ni joto la Januari hadi Machi.

Korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, na mwili wenyewe una joto la nyuzi 41 hivi. Kibanda kikipita nyuzi 32, anahema mdomo wazi, anakula kidogo, hapandi koo (kuku jike), na mbegu zinazotengenezwa wakati huo huwa dhaifu. Mbegu huchukua takriban wiki 2 kukomaa, na koo huzihifadhi mwilini wiki 2 hivi. Joto la Februari basi hujitokeza kwenye mashine ya kutotolesha mwezi Machi au Aprili, mvua imeshaanza kunyesha, na lawama zote zinaangukia mvua.

Kabla ya kumpeleka jogoo sokoni, vunja mayai 5 ya leo kwenye sahani. Angalia doa jeupe juu ya kiini. Likiwa pana kidogo na lina pete, yai lina mbegu. Likiwa dogo, jeupe pee, kingo zimechakaa, halina. Mayai mabichi yakiwa na pete lakini mashine haitoi vifaranga, jogoo hana kosa: huenda uliyaweka mayai siku nyingi kwenye chumba chenye joto. Yasizidi siku 7, pahali penye ubaridi.

Chini ya mabati tandika mafunjo, uache nafasi ya kiganja hewa ipite. Lisha kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Maji yakae kivulini, uyabadilishe adhuhuri. Koo 10 kwa jogoo mmoja wa kienyeji zinatosha; akiwa mzito, punguza ziwe 8.

Masika yana yake. Maranda ya sakafuni yakilowa, wayo hufanya kidonda kigumu na jogoo mwenye mguu mbaya hawezi kupanda, hata awe na mbegu nzuri vipi. Mahindi yenye ukungu yatupe.

Ukibadilisha jogoo, ngoja wiki 3 ndipo ukusanye mayai ya kutotolesha, la sivyo utapata vifaranga wa yule wa zamani.