Shangazi, nikisaini barua ya msamaha mume wangu ataachiliwa?

*Shangazi, shikamoo. Naishi Likoni, nina watoto wawili. Mwaka juzi mume wangu alinikata mkono wa kushoto kwa panga tukigombana juu ya simu. Vidole viwili havikunji tena, hata leso naifunga kwa meno. Alikana mashtaka, lakini mahakama imempata na hatia ya kujeruhi vibaya, na adhabu itatolewa baada ya wiki tatu. Miezi 14 aliyokaa rumande kwao hawakuniletea hata pakiti ya unga. Jumapili mama mkwe amekuja na wazee wawili na barua iliyopigwa chapa, nisaini kwamba nimemsamehe na kesi iishe. Wanasema nikikataa, ni mimi niliyemfunga baba wa watoto wangu. Jirani naye anasema nisaini nisisaini atafungwa maisha. Hakimu hufuata nini, Shangazi? Usiku silali.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hiyo leso. Tutairudia, maana ina kazi mahakamani kuliko karatasi ya mama mkwe.

Nianze na karatasi. Tangu siku ulipoandikisha OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na daktari akajaza P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, kesi hii si yako peke yako. Ni kesi ya Jamhuri dhidi ya mumeo, na wewe ndani yake ni shahidi na mwathiriwa. Ni kweli sheria ya Kenya inamruhusu hakimu kuhimiza watu wapatane, lakini ni kwa makosa mepesi ya watu binafsi, mfano kuzabana kofi. Kumjeruhi mtu vibaya ni kosa zito, halipiti kwenye mlango huo. Tena hatia imeshatamkwa. Aliyekwambia kesi itaisha ukisaini, ama hajui, ama anajua na anakuficha. Wazee wana heshima yao, lakini kesi hii hawana uwezo wa kuifunga.

Utaniuliza, basi msamaha hauna uzito wowote? Unao, lakini mdogo kuliko unavyoambiwa. Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa kutoa adhabu mwaka 2016, ukapitiwa upya 2023. Ule wa 2016 ulitaja mambo yanayoweza kupunguza adhabu: mtu kuchokozwa sana, kuwa ni kosa lake la kwanza, kujuta, kukiri mapema, na juhudi za kurekebisha madhara, kama fidia na upatanisho, zilizofanywa *kabla* ya kupatikana na hatia. Hapo kwenye "kabla" soma tena. Mumeo alikana, ukasimama mbele za watu ukaulizwa maswali kana kwamba mkono ulijikata wenyewe. Miezi 14 hakuna aliyebisha hodi. Leo hatia imetoka ndipo wazee wanapanda feri kuja kwako. Hakimu naye ana macho, ataziona tarehe hizo.

Kwa upande wa kuongeza adhabu, hutazamwa silaha iliyotumika, kama jambo lilipangwa, hatia za awali, na madhara yaliyokupata mwilini na akilini. Kugombania simu si uchokozi wa kumfanya mtu ainue panga, usikubali yeyote akushawishi hivyo. Na usiamini maneno ya "haya ni mambo ya nyumbani". Cheti cha ndoa hakimpi mtu punguzo la kosa. Tangu 2015 nchi yetu ina sheria mahususi ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mimi naliona kosa hili zito zaidi likifanywa na mume, kwa sababu aliyekukata anajua unalala upande gani wa kitanda.

Sasa jirani yako na kifungo chake cha maisha. Kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivyo kweli, lakini hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Chini yake hakimu ana nafasi pana: anaweza kutoa miaka mingi, michache, au hata kifungo cha nje, kutegemea ushahidi na ripoti aliyoletewa. Muda aliokaa rumande lazima uzingatiwe. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri aliyepewa miaka huweza kupunguziwa hadi theluthi moja, na mumeo ana siku 14 za kukata rufaa. Nakwambia haya usije ukashtuka siku moja ukimkuta stejini mapema kuliko ulivyodhani.

Ripoti hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hizi tatu. Kabla ya adhabu, hakimu huweza kumtuma afisa wa probesheni, yaani wa uangalizi wa wahalifu, aulize jamaa, majirani, na wewe, kisha amwandikie ripoti. Ukiwa hujapigiwa simu, nenda mwenyewe kwa kiongozi wa mashtaka umuulize. Umwambie pia kwamba unataka kutoa taarifa ya namna kosa lilivyokuathiri. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inakupa haki hiyo. Unaweza pia kuomba fidia izingatiwe.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu siku kama hiyo. Alikuwa ameandikiwa kurasa tatu za maneno makubwa, akaanza kutetemeka, hakimu akamwambia weka karatasi chini, niambie tu asubuhi ukiamka unafanya nini. Akaeleza jinsi anavyomvisha mtoto sare ya shule kwa mkono mmoja. Chumba kizima kilinyamaza. Wewe eleza leso. Eleza maji unachotaje, chapati unasukumaje, mtoto mdogo hufanya nini akisikia mlango unagongwa. Kama umemsamehe, sema pia, kwa mdomo wako. Kama bado, usidanganye. Barua uliyoandikiwa na mtu mwingine usiisaini, hasa ikiwa ni hati ya kiapo, maana uwongo ndani ya kiapo utakuandama wewe.

Halafu hilo la kumfunga baba wa watoto. Mwanangu, panga hukulishika wewe. Hukumwandikia mashtaka, na adhabu hutaitoa wewe. Kuna mtu amekula kiapo cha kuubeba mzigo huo na ni kazi yake. Usiku ukilala macho wazi, mwachie hakimu wake, wewe ubaki na mkono wako na watoto wako.

Wakija tena kukushinikiza, andika siku na saa, mweleze kiongozi wa mashtaka siku hiyo hiyo, kwa sababu kumwandama shahidi ni kosa peke yake. Simu 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, usiku na mchana. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, watakueleza jinsi ya kuomba mahakamani amri ya ulinzi, ya kumzuia mumeo asikudhuru, kabla hajatoka, si baada. Siku ya adhabu usiende peke yako, nenda na dadako au rafiki, mkae benchi moja. Watoto waache kwa mtu unayemwamini, na asiwe wa upande ule. Kisha uniandikie, hata kama ni usiku.