Jibu: Kivumishi "late" cha Kiingereza na maana zake

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mgeni uliyekuwa ukimtembeza Bagamoyo alishtuka uliposema "the late driver", hali ulikusudia dereva aliyechelewa. Sababu ni mahali kivumishi hiki kinapokaa. Kikija baada ya kitenzi, kama katika "the driver is late", kwa kawaida humaanisha kuchelewa. Kikitanguliwa na "the" na kufuatwa na jina au cheo cha mtu, msikilizaji huelewa kwamba mtu huyo ni marehemu. Hata hivyo, "a late breakfast" ni kifungua kinywa cha saa iliyokwisha kwenda, wala hapana msiba wowote.

Kwa kazi yako ya kuongoza watalii, naona matumizi yenye manufaa zaidi ni ya nyakati: "the late nineteenth century" ni miongo ya mwisho ya karne ya 19, miaka ambayo Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Waingereza hulitumia neno hili zaidi kwa aliyefariki karibuni, au anayekumbukwa na walio hai. Kwa hiyo usiseme "the late David Livingstone", aliyefariki mwaka 1873 na ambaye mwili wake uliletwa Bagamoyo mwaka 1874, ingawa kwetu neno marehemu halina mpaka mkali namna hiyo.

Ama "latest", hiyo humaanisha kilicho kipya kuliko vyote hadi sasa. Cha mwisho kabisa huitwa "last".